Jiliwa la Kushikia Risiva ya Bunduki

SWALI: Mhariri, ninayo leseni ya kutengeneza bunduki za uwindaji hapa Iringa. Jiliwa langu la chuma limeacha alama kwenye risiva ya mteja (mwili wa bunduki unaoshika mtutu) nilipokuwa nikiiunganisha. Je, ninunue jingine? – Fundi, Iringa

JIBU: Ndugu fundi, sioni sababu ya kulitupa jiliwa lako, maana kilichoharibu ni meno yake ya chuma yasiyofunikwa. Yavishe vipande vya nailoni au mbao laini; msonobari wa Sao Hill unafaa, mradi uwe umekauka vizuri na kufunikwa kwa ngozi, kwa sababu utomvu wake hunata. Ubaya mkubwa zaidi kuliko mikwaruzo ni kwamba risiva ina nafasi wazi ndani, hivyo ukiibana ubavuni kwa nguvu inaweza kupinda kidogo, na bolti, kipande kinachoteleza ndani yake kusukuma risasi kwenye mtutu, ikaanza kukwama. Risiva za alumini zinahitaji uangalifu zaidi, kwani alumini ni laini kuliko chuma cha pua. Kwa kazi ya kufunga skrubu, shikilio jepesi linatosha. Kukaza mtutu ni jambo jingine: hapo fedha yako iende kwenye kibano cha mtutu na spana iliyochongwa kufuata umbo la risiva husika, ingawa ni ghali. Bila shaka, chemba (panapokaa risasi nyuma ya mtutu) na magazini (kasha la risasi) viwe vimekaguliwa na kuonekana vitupu kabla bunduki haijafika mezani.