Usizisome istilahi za tiba kama Kiswahili: mimi nilirudia somo zima

Usifanye hivyo. Umeuliza namna ya kugawa silabi za istilahi ndefu za tiba za Kiingereza na namna ya kukariri tahajia zake, kisha ukasema umeamua kulikata kila neno kwa mizizi ya maana na kuvisoma vipande "kama Kiswahili tu". Ndivyo nilivyofanya mimi.

Katika mtihani wa mdomo niliulizwa mgonjwa alifanyiwa upasuaji gani. Jibu lilikuwa "colostomy", yaani utumbo mpana kufunguliwa kwenye ukuta wa tumbo ili choo kitokee hapo. Nikatamka "kolos-TO-mi". Mtahini akauliza kama nimesema "colectomy", ambayo ni kuukata na kuuondoa utumbo huo, wote au sehemu yake. Nikarudia vilevile kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba kasoro ilikuwa masikioni mwake. Maswali yote yaliyofuata yakahusu utumbo ulioondolewa, nami nikawa naeleza kwa kujiamini jinsi ya kubadilisha mfuko wa choo. Nilirudia somo zima, ingawa mfuko, kwa haki kabisa, niliueleza vizuri sana.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo niliipa nguvu "to", ambayo maneno yote mawili yanayo, nikaimeza ile pekee inayoyatofautisha. Kiingereza hurudi nyuma silabi moja zaidi: ko-LEK-to-mi, ko-LOS-to-mi. Tena mizizi ni "col" na "ectomy", ilhali ulimi hukata "co-lec-to-my". Mpaka wa maana si mpaka wa silabi. Yule mwanafunzi wa mwaka wa juu aliyetuapia kwamba ukijua mizizi umemaliza kazi hakuwahi, nina hakika, kulitamka neno lolote kati ya hayo mbele ya mtu anayeyajua.

Basi neno likiishia na "-tomy", "-logy", "-graphy" au "-scopy", hesabu silabi tatu kutoka mwisho na uweke mkazo hapo, hata kama neno lenzake lina mkazo mwanzoni: "laparoscope", kifaa cha kutazamia ndani ya tumbo, ni LA-pa-ro-skop, lakini "laparoscopy", yaani kutazama kwa kifaa hicho, ni la-pa-ROS-ko-pi. Yanayoishia na "-itis" yanafuata mazoea yetu, kama "appendicitis" (uvimbe wa kidole tumbo), a-pen-di-SAI-tis, na hayo ndiyo yaliyonilaghai nikadhani yote yako hivyo.

Leo hii mpe mtu mgongo, umtamkie "colectomy" na "colostomy" bila mpangilio, naye aandike anachosikia. Akikosea hata mara moja, daftari la mizizi lisubiri.