Friza inaning'ata nikiwasha inveta, nifunge nondo?

SWALI: Fundi za kazi. Nauza samaki hapa Deep Sea, Tanga. Umeme ukikatika naendesha friza ndogo, mizani na chaja za simu kwa inveta ya sola, vyote kwenye ekstensheni moja. Nikigusa bodi ya friza nikiwa peku na sakafu mbichi nasikia kama sisimizi wanapanda mkono. Jirani kapima bodi na ardhi kwa mita, ikasoma 110. Anasema nichukue nondo, niichimbie ardhini, nifunge hasi ya betri na niutro ya inveta hapo hapo, yaishe. Nifunge?

JIBU: Usifunge mgosi, subiri kwanza.

Hiyo 110 ni karibu nusu ya 230, na hapo ndo pa kuanzia. Vifaa vingi vya pini tatu, inveta yenyewe ikiwemo, vina vikapasita viwili (vijidude vinavyopitisha umeme kidogo) vya kuzuia kelele za umeme, kimoja toka laivu kwenda kwenye bodi kingine toka niutro kwenda hapo hapo, sasa bodi ikikosa ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, inabaki inaning'inia katikati. Kapasita ya nanofaradi 4.7 kwa 230V na 50Hz inapitisha kama miliampea 0.34, kidogo kweli, ila vifaa vyako vinakutana kwenye pini ya ethi ya ekstensheni vinajumlishana, na wewe uliye peku kwenye maji ya samaki ndo umegeuka waya wa ethi.

Ila usitulie bado, inaweza ikawa laivu imegusa bodi kweli, na mita ya dijito haitofautishi. Mwambie fundi afunge rezista ya kilo-ohm 10, ile nene ya wati 10, sambamba na mita umeme ukiwa umezimwa, halafu awashe. Ikishuka mpaka volti chache mara nyingi ni vikapasita, ila sio uhakika kamili. Ikibaki juu zima kila kitu.

Dawa ya vikapasita ni kupeleka BODI ardhini kwa waya wa njano na kijani. Ethi rodi ya shaba mita 1.5, sio nondo, chumvi ya hapo inaila upesi. Juzi nimefungua klempu moja Raskazone ikameguka mkononi kama kashata.

Sasa niutro na hasi, hapa ndo watu wanaunguza inveta. Inveta nyingi nyepesi zinapandisha betri mpaka volti 300 na kitu DC, halafu mosfeti nne, yaani swichi za elektroniki, zinapokezana kurusha kila tundu la soketi mara upande wa chanya mara wa hasi, kwa hiyo hapo hamna niutro ya kweli, jina tu. Kama ndani hasi ya hizo volti 300 imeshikana na hasi ya betri, yaani hakuna utengano, ukapeleka ardhini hasi ya betri na tundu moja la soketi, mosfeti ya upande wa chanya ikiwaka tu ni shoti, paa! Zile nzito zenye transfoma ya chuma mara nyingi transfoma yenyewe inatenganisha, na hizo ukiambiwa na kitabu chake unaweza kufunga niutro na ethi, tena breka ya kuvuja ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivujia ardhini, inahitaji hicho kiungo ndo ikate bodi ikishikwa na laivu.

Kwa hiyo nitajie inveta yako ina uzito wa kilo ngapi na upige picha lebo ya nyuma. Wakati tunasubiri vaa ndala bwana.