Mshono unavuta usiku: nilaleje baada ya upasuaji wa tumbo?

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Morogoro. Nimefanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye kizazi, nina mshono wa kukata upande chini ya kitovu, na leo ni siku ya tisa. Mchana najitahidi, usiku ndio shida. Nikilala chali mshono unavuta, nikigeukia ubavu nahisi tumbo zima linaangukia upande mmoja. Kuamka kwenda msalani ni machozi. Mama mkwe ananiambia nisigeuke kabisa, nilale chali mpaka nipone, nyuzi zisije zikaachia. Je, ni kweli? Na nilaleje?

JIBU: Pole sana, dada. Nafanya kazi ya fiziotherapia kwenye wodi ya upasuaji, na malalamiko haya nayasikia kila asubuhi.

Nianze na hofu ya mama mkwe. Chini ya ngozi kuna utando mgumu unaoshikilia ukuta wa tumbo. Daktari huushona huo kwa uzi wenye nguvu, nao ndio unaobeba mzigo. Kugeuka taratibu hakuuachanishi. Cha kuogopa ni nguvu ya ghafla inayosukuma kutoka ndani: kikohozi kikali usichojiandaa nacho, kujikamua choo kigumu, kuinua ndoo ya lita 20, ambayo ikijaa maji ni zaidi ya kilo 20. Kulala chali bila kujisogeza ndiko kwenye madhara zaidi, kwa sababu mapafu hayatanuki vizuri na damu ya miguuni hutembea polepole, inaweza hata kuganda. Mwambie mama kwa heshima kwamba ruhusa ya kugeuka unayo.

Sasa usingizi wenyewe. Ukinisikiliza jambo moja tu, liwe hili: maumivu mengi ya usiku hayatokani na mkao wa kulala, yanatokana na namna unavyogeuka na kuinuka. Wengi huamka kama walivyozoea, kwa kunyanyua kichwa na kifua moja kwa moja kutoka chali. Hapo misuli ya tumbo yote inajikaza kwa pamoja, na mshono uko katikati yake.

Jaribu hivi, kwanza mchana mtu akiwa karibu. Ukiwa chali, kunja goti moja, kisha la pili, nyayo zikanyage godoro. Weka kiganja au mto mdogo juu ya mshono. Vuta pumzi, halafu unapoitoa, geuka mabega, kiuno na magoti kwa wakati mmoja, mwili mzima kama gogo, bila kiuno kujipinda. Ukishafika ubavuni, pumzika kidogo. Teremsha miguu nje ya kitanda na papo hapo sukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Uzito wa miguu ukishuka ndio unaoinua kifua. Mikono inasaidia, tumbo halina kazi. Kaa ukingoni mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo usimame. Kurudi kulala ni njia hiyo hiyo kinyumenyume: kaa, lalia kiwiko, pandisha miguu yote miwili pamoja, kisha ujigeuze.

Wakati wa kugeuka usizuie pumzi. Ukiizuia, unakaza tumbo bila kujua.

Kuhusu mkao, kuvuta unakokusikia ukiwa chali kunatoka kwenye kunyooka sana. Inua mgongo wako kuanzia kiunoni kwa mito miwili au blanketi lililokunjwa, si shingo peke yake, kisha weka mto chini ya magoti. Tumbo litalegea. Mto wa magoti usiwe mrefu mno wala usikae hapo usiku kucha, maana hubana mishipa ya damu nyuma ya goti. Kila unapozinduka, vuta vidole vya miguu kuelekea kwako na uvisukume mbele mara kadhaa, vigimbi vifanye kazi ya kurudisha damu.

Ukitaka ubavu, upande wowote unaokupa nafuu unafaa. Hilo tumbo kuangukia upande mmoja linatibiwa na foronya iliyojazwa kanga: isukume chini ya tumbo ilibebe, na mto mwingine uwe katikati ya magoti. Bila wa magoti, mguu wa juu unavuta kiuno, na kiuno kinavuta mshono.

Kama godoro liko sakafuni, nakuomba sana utafute kitanda kwa wiki hizi, hata cha kuazima. Kimo kizuri ni kile ambacho ukikaa, nyayo zinakanyaga chini na magoti yamekunjika sawasawa. Chandarua usikiache, ila upande unaoshukia kisichomekwe kwa nguvu chini ya godoro. Kukichomoa gizani kunakulazimisha kujipinda.

Dawa ya maumivu isisubiri mpaka uchungu ukuamshe. Kama umeandikiwa paracetamol, panga dozi ya jioni imezwe kama nusu saa kabla ya kulala. Kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani, usizichanganye. Na kama umepewa tramadol au kodeini, jua kwamba hufunga choo. Tumbo lililojaa gesi saa nane za usiku huuma kuliko kidonda, kwa hiyo tembea kidogo mara nyingi mchana, kunywa maji, kula papai na mboga za majani.

Kanga ya kufunga tumbo naikubali ikiwa safi, kavu na haikubani pumzi. Kikohozi kikija, kumbatia mto juu ya mshono kabla hakijatoka.

Usivumilie nyumbani haya: homa ya nyuzi 38 na zaidi, mshono kutoa usaha, harufu au majimaji mengi ya ghafla, kidonda kufunguka, tumbo kuvimba huku unatapika na hutoi hewa wala choo, au kutokwa na damu nyingi ukeni. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, kifua kikichoma au pumzi ikikata, nenda hospitali usiku huo huo.

Kulala kifudifudi subiri mpaka daktari akuone kliniki, kwa kawaida kama wiki 6 baada ya upasuaji. Ndoo za maji nazo zibebwe na wengine hadi siku hiyo.