Kompyuta na simu kwenye hedifoni moja: kwa anayeanza kazi ya redio au uhariri wa sauti

Ukitaka kusikia kompyuta na simu kwa pamoja kwenye hedifoni moja, usianze kwa kununua waya wa mgawanyo (jeki moja, matundu mawili) na kuugeuza kinyume, kompyuta tundu hili, simu tundu lile, hedifoni upande wa jeki moja. Waya ule umetengenezwa kupeleka sauti moja kwa wasikilizaji wawili. Ukiugeuza, sauti hutoka dhaifu na yenye mikwaruzo, kwa sababu tundu la simu lina ukinzani mdogo sana, mara nyingi chini ya omu (kipimo cha ukinzani) chache, ilhali hedifoni ya kawaida ina omu 32 hivi. Mkondo wa kompyuta hufuata njia nyepesi: unaingia kwenye simu badala ya masikioni mwako. Kila kifaa kinamsukuma mwenzake, na amplifaya (vikuza sauti) zote mbili zinaelemewa.

Dawa rahisi ni rezista, kijisehemu kinachozuia mkondo wa umeme. Vyanzo viwili vya stirio (sauti ya kushoto na ya kulia) vinahitaji rezista nne, moja kwa kila upande wa kila chanzo. Kwenye jeki ya milimita 3.5, ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi (njia ya kurudishia mkondo). Ardhi zote unaziunga pamoja bila rezista. Kushoto mbili zinakutana baada ya rezista zao, na kulia vivyo hivyo. Kwa hedifoni ya omu 32 tumia rezista za omu 100: volteji inayobaki ni kama sehemu moja ya tano, yaani unapoteza desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 14, na ukiongeza sauti kwenye vifaa unasikia vizuri. Wengi hufunga za kilo-omu 1 (omu 1,000) kwa sababu michoro mingi huonyesha hivyo, kisha wanashangaa ukimya. Hapo hasara ni desibeli 30. Thamani hiyo inafaa pale tu amplifaya ya hedifoni inapofuata.

Kama kazi ni ya kila siku, nunua mikisa (kifaa cha kuchanganya sauti) ndogo yenye tundu la hedifoni. Kila chanzo kinapata kidhibiti chake, na unaweza kuelekeza sauti ya simu sikio la kushoto na ya kompyuta la kulia. Kwa kufuatilia mahojiano huku unasikiliza rekodi, mpangilio huo unasaidia kuliko kuchanganya zote katikati. Ila mikisa ya USB ina mtego wake: kompyuta ikirudisha kwenye mikisa sauti iliyotoka humo humo, utasikia mwangwi au mlio mkali. Zima usikilizaji ndani ya programu ya kurekodia.

Bila mikisa, ingiza simu kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta, kisha katika mipangilio ya kurekodi ya Windows fungua kichupo cha Listen cha tundu hilo na uweke alama kwenye "Listen to this device". Sauti huchelewa kidogo. Tundu la maikrofoni halifai: linatarajia ishara ndogo mno, hivyo sauti ya simu hupasuka.

Ukisikia mvumo mzito, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikoma, tatizo ni mkondo unaozunguka kati ya vifaa kupitia ardhi zao. Weka transfoma ya kutenganisha, inayopitisha sauti bila kuunganisha ardhi, kwenye waya wa sauti. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi, ni hatari kwa uhai.

Kumbuka pia kwamba vyanzo viwili tofauti vyenye nguvu sawa huongeza desibeli 3, kwa hiyo shusha kila kimoja kabla ya kuvaa hedifoni.