Vimeundwa, Havikuumbwa

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Mtu akinukuu maneno ya mwenzake isivyo, Kiswahili kina neno moja la kukiita kitendo hicho? Na hilo nukuu lenyewe asili yake ni nini?"

Asili ni Kiarabu, mzizi uleule uliotupa nakala na nakili, na maana yake ya kwanza ni kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Anayenukuu, basi, ni mchukuzi: mzigo aliopokea ndio anaotakiwa kuufikisha. Neno moja la kuuharibu mzigo huo njiani hatuna, wala sioni upungufu, maana makosa yenyewe si mamoja. Aliyekosea maneno amenukuu vibaya. Aliyegeuza maana ameipotosha kauli. Aliyembambikia mtu asichokisema amemlisha maneno. Na tafadhalini, ni kulisha. Hili la "kumwekea mtu maneno mdomoni" ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Kinachoniuma zaidi ni methali kunukuliwa vibaya, kwa sababu methali haina mwenyewe wa kusimama akakanusha. Juzi harusini msemaji alishika kipaza sauti kumsifu bwana harusi aliyejenga nyumba kwa kudunduliza, akasema: "Wahenga walisema, ukiona vinaelea, ujue vimeumbwa." Watu wakapiga makofi. Mimi wali ulinikwama kooni.

Methali ni hii: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Maneno matatu tu. Hiyo vi- ni ya vyombo vya baharini, na mtu wa pwani hahitaji kutajiwa. Kuunda ndiyo kazi ya fundi wa chombo: kulaza mkuku ulio uti wa mgongo wa chombo, kusimamisha mataruma yaliyo mbavu zake, kuchonga mbao kwa tezo na kuzipigilia, kisha kutia kalafati kila penye upenyo maji yasipate njia. Ni kazi ya miezi, na jahazi likishateleza majini hakuna anayeiona tena. Methali inatuonyesha jasho hilo lililofichika chini ya rangi. Sasa ukisema "vimeumbwa" umemfukuza fundi na tezo lake. Kuumba ni kwa Mungu, hukiambia kitu "Kuwa!", kikawa. Kwa kubadili herufi mbili, bwana harusi aliyebeba matofali kwa miaka ameambiwa kwamba nyumba yake ilijiotea kama uyoga! Maneno yamekosewa, maana imegeuzwa, na wahenga wamelishwa wasichokisema, yote kwa pigo moja.

"Vinaelea" nitaivumilia. Vyaelea imeanza kuwa adimu midomoni mwa vijana, na maana haijaguswa. Hata hiyo "ujue" nitaimeza, ingawa inavunja mapigo na kumfafanulia msikilizaji jambo ambalo methali ilimwachia alitambue mwenyewe. Vimeumbwa siimezi. Atakayeitamka nikiwa karibu nitamsahihisha, hata kama kipaza sauti bado kiko mkononi mwake.