Jibu: LIGO walijuaje kwamba halikuwa lori lililopita?

Habari za wakati huu, ndugu. Umeuliza watafiti wa LIGO, mradi wa Marekani wa kunasa mawimbi ya mvutano, walijuaje kwamba mtikisiko wa tarehe 14 Septemba 2015 ulikuwa wimbi la mvutano (mtikisiko wa anga lenyewe) kutoka angani na si lori barabarani, ilhali badiliko la urefu lililopimwa na mitambo lilikuwa dogo kuliko kipenyo cha protoni, chembe ya ndani ya atomu.

Usianze na hesabu za Einstein. Anza na ramani. Mitambo ni miwili, mmoja Hanford na mwingine Livingston, nchini Marekani, na kati yao pana takriban kilomita 3,000. Lori laweza kuutikisa mmoja, lakini haliwezi kuacha alama ileile kwenye wa pili kwa tofauti ya milisekunde 7.

Mimi nami nilikwama hapo hapo, hadi nilipopakua data zilizotolewa kwa umma, nikaurudisha nyuma mchoro wa Hanford kwa milisekunde hizo, nikaupindua juu chini kwa sababu mitambo imeelekezwa tofauti, kisha nikaulaza juu ya ule wa Livingston. Vilele vililingana na vilele, na mabonde na mabonde. Nakusihi uujaribu mwenyewe.

Kisha tazama umbo: kwa takriban sekunde 0.2, masafa ya wimbi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yalipanda kutoka hezi 35 hadi 250, wimbi likakua, halafu likafifia ghafla, kama inavyotarajiwa pale mashimo meusi mawili, yaani vitu vizito mno ambavyo hata nuru haiwezi kutoka ndani yake, yanapozungukana kwa kasi inayozidi hadi kuungana.