Farasi wanane, katapila, na mvua ya mwezi wa Kumi na Moja

SWALI: Dokta, pole na kazi. Mimi ni mjane. Marehemu baba watoto aliniachia shamba la hekta 140 kwenye barabara ya Kasenga, kama kilomita 40 toka Lubumbashi. Kuna kijito, kuna dembo kubwa (bonde la majani linalojaa maji wakati wa mvua), na upande wa mashariki kuna kilima chenye miombo mizuri. Mtoto wangu anafanya kazi mgodini, anasema wenzake Jumamosi hawana pa kwenda zaidi ya baa. Nimewaza kufungua njia za kupanda farasi. Nimepata mtu wa kuniuzia farasi 8 toka Zambia, watafika mwezi wa Kumi na Moja. Jirani ana katapila, atatufungulia njia kwa siku mbili mpaka juu ya kilima. Nauliza: 8 wanatosha? Njia iwe na upana gani? Na mahindi tunayolima yatatosha kuwalisha? – Mama wa shamba, barabara ya Kasenga

JIBU: Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Wengi huniita baada ya kulipa, na mara nyingi saa hiyo farasi ameshalala chini.

Nianze na tarehe, kwa sababu ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Mwezi wa Kumi na Moja mvua zimeshashika huku kwetu. Dembo linajaa, na usubi wanazaliana kwenye tope lake. Hao wadudu wadogo kuliko mbu ndio wanaobeba ugonjwa wa farasi wa Afrika. Hauna dawa. Farasi asiye na kinga akiupata kwa namna ya mapafu, hufa karibu wote: kati ya 10 unaweza kuzika 9. Jioni anakula vizuri, asubuhi unamkuta anahema kwa shida, povu linatoka puani kama la sabuni. Kuna namna nyingine inayompiga moyo: vile vishimo vilivyo juu ya macho huvimba na kujaa. Hiyo baadhi hupona. Nilishaitwa kwenye shamba moja alfajiri, nikakuta wawili chini na wa tatu ananitazama tu. Mwenyewe alikuwa bado anadaiwa hela ya usafiri wao.

Kinga ipo, lakini inataka muda. Chanjo inayotumika kusini mwa Afrika inatengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini. Huja kwa chupa mbili zenye aina tofauti za virusi, zinachomwa kwa kupishana wiki kadhaa, na kila mwaka zinarudiwa. Ni virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo lazima vikae kwenye baridi njia nzima mpaka kwako, na farasi akishachomwa anapumzishwa, hapandwi kwa nguvu. Sasa wewe hesabu mwenyewe: farasi anashuka kwenye gari mwezi wa Kumi na Moja, amechoka na safari, hajachanjwa au amechanjwa nusu, na dembo lako liko mita 200 kutoka banda. Mwambie muuzaji awalete mwezi wa Tano. Wachanjwe huko huko waliko, chupa zote mbili, waje na cheti cha mganga wa mifugo kinachoonyesha tarehe za chanjo. Akikataa kungoja, basi hao si farasi wa kununua.

Hata waliochanjwa, banda lisikae bondeni. Liweke juu, penye upepo, mbali na dembo. Usubi huuma hasa toka jua linapoelekea kuzama mpaka asubuhi jua likiwa limepanda; farasi aingie ndani kabla ya machweo, madirisha yakiwa na wavu wa matundu madogo sana, maana ule wa kawaida wa mbu wanaupenya. Ile picha ya kupanda farasi saa kumi na mbili jioni kando ya dembo, jua linazama, wageni wanapiga selfi: ifute. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Kupe nao wapo, na mbung'o uulizie. Wawindaji na wachoma makala (makaa) wa hapo kijijini wanajua kama huko msituni kuna mbung'o. Kaa nao usikilize. Usije ukamchoma farasi sindano ya ng'ombe ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kwa kukisia: dawa hizo farasi hazivumilii vizuri, kiasi kidogo cha ziada kinamdhuru. Sisi tunachekea wakoloni wa Kibelgiji waliohangaika kufuga tembo wa kazi kule Gangala-na-Bodio, kaskazini-mashariki mwa Kongo, lakini sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo: wanyama wa mizigo waliwafia.

Kwa hiyo miezi ya mvua ufanye nini? Ufanye njia. Namaanisha kuichora, bado si kuichimba. Na hapo ndipo naingia kwa jirani yako na katapila lake.

Mrudishe, Mama. Katapila litapanda kilima moja kwa moja, litakwangua udongo na kuusukuma pembeni, litakuachia mfereji wenye kingo mbili. Mvua ya kwanza kubwa itaingia humo na haitakuwa na pa kutokea. Umeona barabara zetu za udongo mwekundu mwezi wa Tatu zilivyo? Kwato zenyewe huchimba, maji humaliza kazi. Mwaka wa pili utakuwa na korongo, na wageni watakuwa wanapita pembeni yake, wanakanyaga majani mapya, korongo linapanuka.

Njia ya farasi inapanda kilima kwa kukizunguka, kama mtu anayebeba ndoo. Kanuni ni mbili. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima unaopita. Ukizidi hapo, maji yanaacha kukatiza njia na kuanza kuifuata. Na kwa jumla usizidi mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo. Vipande vifupi vinaweza kuwa vikali zaidi penye mawe. Kupima hakuhitaji mtaalamu: vijana watengeneze fremu ya miti yenye umbo la A, uzi wenye jiwe katikati, kama ile ya kuchimbia makinga-maji shambani. Uso wa njia uinamie kidogo upande wa bonde, sentimita 4 au 5 kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke kama karatasi. Na kila baada ya mita 30 hivi, njia ishuke kidogo kisha ipande tena, hata pale inapopanda kwa jumla. Kwenye kile kibonde maji hutoka yenyewe. Magogo ya kukinga maji yanayolazwa njiani siyapendi, farasi hujikwaa na maji huchimba nyuma yake.

Upana uliuliza. Sehemu ya kukanyaga, sentimita 60 mpaka 90 inatosha, farasi hutembea mmoja nyuma ya mwingine. Lakini uwazi, yaani miti na matawi, ukatwe mita 3 upana na mita 3 juu. Watu husahau juu. Tawi linalompita farasi humkuta aliyempanda usoni. Na visiki! Vijana wetu hukata mti mdogo kwa panga moja la mshazari, kikabaki kisiki kilichochongoka kama mkuki. Ving'olewe au vikatwe sawa na ardhi. Mashimo ya mnyama mhanga, matanuru ya zamani ya makala ambayo udongo wake bado ni mlaini, mashimo ya wachimbaji: tembea njia nzima na fimbo, uchomechome. Vichuguu vikubwa viache, vizungushie njia. Mgeni akishuka hapo atataka kupiga picha, na kwa kweli ndivyo alivyokuja kuona.

Dembo usilivuke katikati. Pita ukingoni mwake, penye mpaka wa majani na miti, udongo hapo ni mgumu zaidi. Kijito kikivukwa, kivukwe penye mawe chini na kingo za chini, bila daraja. Daraja la mbao ni ghali, linaoza, na farasi wengi wakisikia ule mlio chini ya kwato hugoma.

Jambo moja zuri: njia yenye uwazi wa mita 3, ikifyekwa vizuri mwezi wa Tano, ni kinga-moto mwezi wa Nane. Moto wa msitu ukija, na wewe unajua utakuja, majani yako utakuwa umeyaokoa.

Sasa hesabu ambayo naona hukuifanya. Hekta 140 ni kama mraba wenye upande wa kilomita 1.2 hivi. Ukiuzunguka mpaka wote hupati hata kilomita 5. Farasi akitembea kawaida huenda kilomita 6 kwa saa. Mgeni aliyetoka mjini kwa gari hataridhika na dakika 50. Ndani ya shamba lako jenga mzunguko mmoja wa kilomita 3 au 4 kwa wasiojua kupanda na watoto. Mzunguko mrefu, wa saa mbili, lazima upite ardhi ya kijiji.

Hapo nenda kwa mfumu, yaani chifu wa kijiji, kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Ndiyo, sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni ya Dola, yaani Serikali, na una karatasi zako. Lakini mama anayeanika mihogo kando ya njia hajasoma sheria ya 1973, na farasi akiipiga teke mihogo yake, una ugomvi. Mkubaliane kwa maandishi: njia zipi, siku zipi, kijiji kinapata kiasi gani kwa kila mgeni, nani analipa kuku akikanyagwa. Wakati wa mafinkubala (viwavi wa kuliwa) na uyoga msitu ni wao, funga njia. Na bahati nzuri miezi hiyo umeshafunga kwa sababu ya mvua. Kule Lesotho, Malealea, farasi wenyewe ni wa wanakijiji, na wenyewe ndio wanaowaongoza wageni. Ukiweza baadaye kufika hapo, utalala usingizi. Na pita pia kwenye kadasta ya madini, ofisi inayoandikisha vibali vya madini, uulize kama hakuna mtu mwenye kibali cha kutafuta madini juu ya shamba lako. Katanga hii, karatasi ya juu na karatasi ya chini ya ardhi zinaweza kuwa na wenyewe wawili.

Farasi 8? Hapana. Anza na 5: watatu wa wageni, mmoja wa kiongozi wa mbele, mmoja anapumzika. Na usinunue kwa rangi, nunua kwa uzito na tabia. Farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Uzito unaupata kwa utepe wa fundi nguo: pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, zidisha mara yenyewe, zidisha kwa urefu toka ncha ya bega mpaka ncha ya tako, gawa kwa 11,880. Kifua sentimita 170, urefu 150, unapata kilo 365. Huyo anabeba 73. Ondoa tandiko la kilo 10, mgeni ni wa kilo 63. Wenzake mtoto wako pale mgodini, wangapi wana kilo 63? Injinia wa kilo 95 anataka farasi wa kilo 525, na huyo ni farasi mkubwa na anakula. Weka mzani getini, uandike kikomo kwenye tangazo, ili usimwaibishe mtu mbele ya wenzake.

Tabia uipime hivi: kabla ya kulipa, mpitishe mtu na baiskeli iliyopakia magunia ya makala mpaka haonekani. Kwenye barabara ya Kasenga farasi atakutana nazo kila siku. Akiruka mara ya kwanza ni kawaida. Akiruka mara ya tano, mwache.

Mahindi, Mama, nakuomba yasiwe chakula chao. Farasi ni mnyama wa majani: asilimia 2 ya uzito wake kila siku ikiwa kavu, kwa huyo wa kilo 365 ni kilo 7 na kidogo. Kata majani mwezi wa Nne, kabla hayajawa miti, uyakaushe na kuyahifadhi juu ya ardhi. Mahindi mengi humletea maumivu ya tumbo na kumharibu kwato. Yakiwa na ukungu ni mabaya zaidi: kuna sumu ya ukungu wa mahindi ambayo inaozesha ubongo wa farasi, anaanza kugonga kichwa ukutani, anakufa. Kuku wako wanaweza kula gunia hilo hilo ukaona hawana neno. Na chakula cha kuku cha dukani kisimfikie kabisa. Dawa ya kuzuia kuharisha damu iliyomo kwenye baadhi yake, monensini, kiasi kidogo tu humuua farasi kwa moyo. Chumvi ya jiwe apewe, na maji lita 30 mpaka 40 kwa siku, zaidi mwezi wa Kumi kwenye joto.

Tafuta pia kijana mmoja mtulivu wa kujifunza kukata kwato. Kila wiki 6 mpaka 8 lazima, na kumleta fundi toka mjini kila mara utafilisika. Pale klabu ya farasi mjini wapo watunzaji wazee wanaojua kazi hiyo. Mpeleke akae nao miezi hii ya mvua.

Kwa sasa kazi yako ni hii: mvua kubwa ya kwanza ikikatika, vaa buti, chukua simu, pita ukingo wa dembo na ubavu wa kilima, upige picha kila mahali maji yalipokatiza, na kila mahali yalipotuama. Rudia mwezi wa Pili. Uniletee zote mbili, tutachora njia juu yake.